Nyumba nzuri, geti moja tu: mwaka wangu upande wa Kiamunyi, Nakuru

Nimekaa mwaka mmoja kwenye nyumba hii ya vyumba vitatu, ghorofa moja, kodi elfu 28 kwa mwezi. Nyumba yenyewe sina neno nayo. Maji yapo, jiko lina nafasi, walinzi wana adabu. Ninachotaka mjue kabla hamjalipa deposit ni barabara.

Mtaa una nyumba 64 na geti moja. Barabara zote za ndani zinaishia ukutani. Shule ya mwanangu iko nyuma ya ukuta huo huo. Nikiwa chumbani juu naisikia kengele na kumwona mwalimu wa zamu uwanjani. Kumfikisha darasani ni kilomita moja na nusu: hadi getini, hadi lami, tuzunguke shamba la jirani, ndipo tuteremke. Boda ni shilingi 50 kwenda, 50 kurudi.

Mama mboga naye yuko ng'ambo ya ukuta. Namtumia pesa kwa M-Pesa, nashusha ndoo ndogo kwa kamba, sukuma inapanda imeshakatwakatwa na kufungwa kwa gazeti. Kamba imekatika mara mbili kwa vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta.

Mwezi wa Mei, baada ya mvua, bauza la maji lilivunjika ekseli pale getini. Tangu alfajiri hadi saa tano hakuna gari lililotoka. Jirani yangu alikuwa ameshikwa na uchungu. Alitembea kwenye tope hadi lami akimwegemea mumewe, mimi nyuma na mkoba wa nguo za mtoto. Sitaisahau asubuhi ile.

Kazi yangu ni kuchora ramani za ploti, kwa hiyo naona matatizo haya yanakotoka. Nakuru imebanwa na mlima wa volkeno wa Menengai kaskazini na mbuga ya Ziwa Nakuru kusini, basi inatambaa mashariki na magharibi, shamba kwa shamba. Mwenye ekari tano anazikata ploti za futi hamsini kwa mia, anachora njia yake moja hadi lami, haulizi ya jirani inapita wapi. Katikati ya mji, Kenyatta Avenue ikifungwa unakata kona na kupita mtaa wa nyuma. Huku huna kona ya kukata.

Na tatizo hili linarekebishika. Watafiti Barrington-Leigh na Millard-Ball walipima barabara za Marekani za karne nzima, wakaonyesha mwaka 2015 kwamba mtindo wa njia zisizotokea ulifika kilele karibu na 1994, kisha barabara mpya zikaanza kuunganishwa tena.

Nimewaandikia wasimamizi mara mbili kuomba kigeti cha miguu ukuta wa nyuma, upana wa mita moja, kifungwe jua likizama. Wananijibu usalama.

Mkija kuiona nyumba, acheni gari. Tembeeni kutoka mlangoni hadi shuleni, saa mkononi.

Nyota tatu kati ya tano. Siku watakapotoboa kigeti naongeza ya nne.