Hustler Fund: riba nafuu, pensheni kiduchu, na siku 14 zinazomwacha mzee nje

Tangu Rais William Ruto aizindue tarehe 30 Novemba 2022, Hazina ya Hasla (Hustler Fund), mfuko wa serikali ya Kenya unaokopesha kwa simu, imesifiwa na kutukanwa kisiasa zaidi ya ilivyopimwa kama bidhaa. Hapa tunaipima kama tunavyopima mkopo mwingine wowote: unapata ngapi mkononi, unalipa ngapi, na nani anafaidika. Jina lake rasmi linasema ni hazina ya kumwingiza kila Mkenya katika huduma za fedha. Basi tuwaangalie wawili ambao benki huwapita bila salamu: kijana asiye na dhamana na mzee asiye na hati ya mshahara.

Kujiunga ni rahisi. Piga *254# kwa laini ya Safaricom, Airtel au Telkom, kubali masharti, weka namba ya siri, na baada ya muda mfupi utaona kiwango chako, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa. Sharti ni uwe na miaka 18 au zaidi, kitambulisho cha taifa, na laini uliyoitumia kwa angalau siku 90. Hakuna kikomo cha juu cha umri. Hilo si jambo dogo, kwa sababu Uwezo Fund, hazina nyingine ya serikali iliyoanza 2013, huhudumia vikundi vya vijana wa miaka 18 hadi 35, vya wanawake na vya watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 64 asiye na ulemavu hana dirisha pale. Kwa Hasla analo.

Sasa hesabu. Ukikopa shilingi 1,000, asilimia 5 inakatwa papo hapo na kuwekwa akiba, kwa hiyo unapokea 950. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku: kama senti 22 kila siku. Ukilipa siku ya 14, ambayo ndiyo ya mwisho ya kulipa, unarudisha 1,003 na senti kidogo. Ukilipa siku ya tano, riba ni shilingi 1 na senti 10. Kwa kulinganisha, M-Shwari, mkopo wa benki unaopatikana kupitia M-Pesa, hutoza ada ya asilimia 7.5 kabla ya ushuru, yaani 75 kwa kila 1,000, uwe umelipa kesho au baada ya siku 30. Kwa bei, Hasla haina mpinzani kwenye simu.

Lakini kuna gharama ambayo haionekani kwenye matangazo, nayo ni ya kutoa pesa. Kwa viwango vya M-Pesa vya tangu 2023, kutoa chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Aliyekopa 500, kiwango ambacho wengi huanzia, anapokea 475, na akitoa taslimu anabaki na 446. Riba yake ya siku 14 ni shilingi moja na nusu. Ada ya wakala ni karibu mara kumi na tisa ya hiyo. Dawa ni moja: usitoe. Mama mboga anayenunua soko la Marikiti amtafute muuzaji wa jumla mwenye namba ya till (namba ya kupokea malipo ya M-Pesa), alipe moja kwa moja. Mnunuzi hatozwi kitu. Vijana hulijua hili bila kufundishwa. Wazee wengi hawaliamini hadi waone noti mkononi, na hapo ndipo wanapopoteza.

Tuje kwenye siku 14. Huu ni muda uliokatwa kwa kipimo cha mtu anayeuza leo: mitumba ya Gikomba, nyanya, mafuta ya bodaboda, mandazi. Mali inazunguka mara tatu nne kabla ya siku ya kulipa. Mzee wa kijijini hauzi hivyo. Sukuma wiki hukaa wiki sita hadi nane ndipo uanze kuchuma, maharagwe karibu miezi mitatu, kuku wa nyama wiki tano hadi sita. Hakuna hata kimoja kinachoiva ndani ya siku 14. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa kila umri, ila ngazi imejengwa kwa miguu ya kijana. Mzee akikopa kununua mbegu, atalipa kwa pesa aliyotumiwa na mwanawe, na huo si mkopo wa biashara tena.

Akichelewa, riba inapanda hadi asilimia 9.5 kwa mwaka. Inatisha ukiisikia, lakini kwa deni la 1,000 ongezeko ni senti 4 kwa siku. Adhabu hii haimsukumi mtu yeyote. Kinachouma ni kushuka kwa alama za ukopaji na hatimaye akaunti kufungwa, na hilo linamuuma tu aliyekuwa na kiwango cha maana. Mwenye kiwango cha 500 huona hana cha kupoteza, akaondoka na deni lake. Mfumo unaoanza na pesa ndogo mno hujijengea wadaiwa sugu wenyewe.

Ile asilimia 5 ndiyo sehemu tunayoipenda zaidi, na ndiyo isiyoelezwa vizuri. Kwa kila 50 iliyokatwa, 35 huenda kwenye akiba ya muda mrefu, yaani pensheni, na 15 kwenye akiba ya muda mfupi. Serikali iliahidi kuongeza shilingi 1 kwa kila 2 za pensheni, hadi 3,000 kwa mwaka. Mchukue kijana wa miaka 22 anayekopa 1,000 kila wiki mbili bila kukosa: mara 26, sawa na 910 za pensheni, na nyongeza ya 455, jumla 1,365 kwa mwaka. Akiendelea hivyo hadi miaka 60 atakuwa na 51,870 kabla ya faida ya uwekezaji. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Yaani miaka 38 ya nidhamu inanunua takriban miezi 26 ya kiwango hichohicho. Heri kuwa nayo kuliko kuikosa, lakini asijidanganye mtu kwamba amejiandalia uzee. Anayetaka nyongeza yote ya serikali lazima afikishe 6,000 za pensheni kwa mwaka, yaani 500 kila mwezi, na hizo atazipata kwa kuweka akiba ya hiari mwenyewe, si kwa kusubiri makato.

Mkopo wa kikundi, ulioanza Juni 2023, ndio unaowafaa kijana na mzee. Ni kati ya 20,000 na milioni 1, riba asilimia 7 kwa mwaka, muda miezi sita, kwa chama kilichosajiliwa chenye watu kumi au zaidi. Miezi sita inabadilisha kila kitu. Chama cha kuku wa nyama kikihesabu wiki sita za kufuga na mbili za kusafisha na kupumzisha banda, kinapata mizunguko mitatu na wiki mbili za ziada za kukusanya madeni. Na hapa umri mchanganyiko una faida halisi: mzee ana banda, kiwanja na jina linaloaminika kwa wauza chakula cha kuku, kijana ana simu, pikipiki na wateja. Chama cha vijana watupu mara nyingi huvunjika mtu akipata kibarua mjini. Cha wazee watupu hukwama kwenye simu. Tahadhari moja: makato ya asilimia 5 yapo hapa pia, kwa hiyo kwenye mkopo wa 100,000 pangeni bajeti ya 95,000. Vyama vingi huagiza vifaranga kwa hesabu ya laki nzima, chakula kikaisha wiki ya tano, wakauza kuku wepesi kwa bei ya hasara.

Yanayoharibika zaidi hayana uhusiano na riba. La kwanza ni laini. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwana au mjukuu, na mkopo humfuata mwenye kitambulisho. Mwenye Safaricom apige *106# aone laini zilizo chini ya jina lake. Isipokuwamo, asajili mpya kwa jina lake na kuitumia siku 90 kabla ya kujaribu. La pili ni namba ya siri. Mzee akimpa mjukuu ili amsaidie kuangalia salio, amempa pia uwezo wa kukopa. Msaada wa kweli ni kumwelekeza vidole abonyeze mwenyewe, hata ikichukua nusu saa na menyu ikikatika mara mbili. La tatu ni matapeli wanaopiga simu wakidai wataongeza kiwango. Kiwango hupanda kwa kukopa na kulipa kwa wakati tu. Hakuna mtu wa kukipandisha kwa simu.

Kwa mchuuzi kijana anayelipa kwa till na kurudisha kabla ya siku kuisha, tunaipa nne kwa tano. Kwa mzee mkulima anayekopa peke yake, mbili, na hizo ni kwa sababu ya riba. Akiwa ndani ya chama chenye vijana, tatu na nusu.