Mapango ya Mangapwani kwa siku moja: pango zuri, mwandaaji ovyo

Tangazo liliingia kwenye grupu letu la WhatsApp la wageni tunaofanya kazi Dar: "Mapango ya Unguja, kwenda na kurudi siku hiyohiyo." Elfu themanini na tano, nauli ya boti juu yako. Mimi ni Mkenya, nakaa Sinza, na kila fundi na kila bodaboda akisikia lafudhi yangu lazima aniulize kama nimeshafika Zanzibar. Nikalipa.

Nianze na kilichostahili hela. Mangapwani iko kaskazini mwa mji wa Zanzibar, kilomita 20 na ushei, na kuna sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni chumba cha watumwa, kimechongwa na binadamu kwenye mwamba wa matumbawe. Sultani Barghash alibanwa na Waingereza mwaka 1873 akafunga soko la watumwa, lakini biashara haikufa, ilikwenda kujificha. Humu ndimo watu walifungiwa wakisubiri jahazi. Unashuka ngazi za mawe, joto linakupokea, na utani wote wa kwenye basi unakatika wenyewe. Hakuna wa kukwambia unyamaze.

Nyingine ni pango la asili, na hili ndilo lililonikamata. Aliyetuongoza ni kijana wa palepale kijijini, si mtu wa kampuni. Anasimulia kwamba pango liligunduliwa na mtoto mtumwa aliyepotelewa na mbuzi, akamsikia analia chini ya ardhi. Kule chini kabisa kuna maji, baridi, na si ya chumvi, nilionja kidoleni. Kwenye upenyo mmoja wa jiwe kulikuwa na vipande vya kitambaa na chetezo chenye majivu. Mwenzetu akatoa simu. "Tafadhali dada'angu, hapo usipige, watu wana mambo yao," kijana akamwambia, kwa upole ambao huwezi kubishana nao. Huyo nampa nyota tano, na bakshishi alipata.

Sasa mwandaaji. Tangazo halikutaja pasipoti popote. Watanzania wanapita na vitambulisho vyao, sisi wengine tunaonyesha pasipoti tukishuka, na mwenzetu wa Kampala alikuja na kitambulisho cha kazi tu. Watu wa uhamiaji walikuwa na haki ya kumuuliza maswali. Ila grupu lenyewe ni la wageni, jamani! Hilo ndilo jambo la kwanza kuandika.

Tulitoka Dar na boti ya saa moja asubuhi ili tuwahi, kisha tukasimama bandarini tukingoja wenzetu waliokatiwa boti ya baadaye. Kosta ilipoondoka ikatupeleka kwanza kwenye duka la viungo na vinyago ambalo hakuna aliyeliomba. Nadhani mnajua kwa nini. Mangapwani tukafika jua limeshapinda, na pango la asili tukapewa dakika ishirini, huku dereva anapiga honi kule juu. Safari ya mapango! Chakula "cha Kizanzibari" kilikuwa chipsi zilizopoa na kipande cha kuku, tukala ndani ya gari tukikimbizana na boti ya kurudi.

Ushauri wangu: nenda mwenyewe na marafiki wawili watatu. Daladala za Bumbwini zinapita Mangapwani, ukishuka ulizia kijana wa kukuongoza. Vaa viatu vinavyoshika, ngazi za pango zina unyevu, na beba tochi, ya simu haitoshi.

Mwandaaji ameshatangaza safari nyingine, mara hii pango la Kuza kule Jambiani, ambako watu wanaogelea. Nimemuuliza tutakaa pangoni muda gani. Amenijibu kwa kutuma tena namba ya kulipia.