Kambi ya wasafiri wa pikipiki Msimbati: kipini cha shilingi mia mbili kimenitoa roho

Nyota moja. Na hiyo moja nimempa yule mama aliyekuwa anachemsha ming'oko, vile viazi pori vya huku Kusini, waliobaki wote wagawane upepo.

Nilienda ile kambi ya wikiendi ya wasafiri wa pikipiki za safari ndefu, pale ufukweni Msimbati, tarehe sikumbuki vizuri ila ilikuwa kipindi kile watu huku kwetu wanapuliza salfa kwenye mikorosho na kusi inavuma mpaka unakula mchanga na wali kwa pamoja. Mi natokea Lindi mjini kwa hiyo nikiwa mkweli safari yangu haikuwa ndefu kihivyo, unashuka Mnazi Mmoja, unaingia Mikindani, Mtwara, afu unashika ile njia ya Madimba mpaka mchanga ukukatalie. Wenzangu ndo walikuwa wametoka mbali, kuna wa Dar, kuna wa Arusha, kuna jamaa katokea Malawi kazungukia Songea na Tunduru, na wawili walikuwa wanapumzika tu pale ili baadaye wakavuke Daraja la Umoja pale Mtambaswala waingie Msumbiji. Pikipiki zao unaziangalia unajisikia umevaa kandambili kwenye harusi. Mi nilikuwa na Honda XL yangu, zile walizokuwa wanapanda mabwana shamba enzi hizo, nimeachiwa na marehemu mzee, tangi limekwanguka upande mmoja lakini injini inasikiliza.

Kiingilio elfu sitini. Ndani yake kuna chakula, sehemu ya kupiga hema, na kitu wamekiandika kwa herufi kubwa kabisa, HUDUMA YA FUNDI BURE, kukaguliwa pikipiki kabla ya safari ya kurudi. Kumbukeni hilo neno bure maana tutarudi nalo.

Jumamosi jioni fundi akaanza kupita pikipiki moja moja. Kijana mtanashati, sare mpya, glavu hazina hata doa, na mi nimekaa na mafundi tangu nasoma shule ya msingi, sijawahi kuona fundi ana glavu nyeupe saa kumi na moja jioni. Akafika kwangu, akashika cheni, akaitikisa, akacheka. Akacheka kwa sauti jamani. "Mzee wangu, hii cheni au kamba ya kuanikia nguo?" Na pale wamesimama watu kama kumi na mapikipiki yao ya mamilioni, nao wakacheka. Nina miaka arobaini na mbili, huo uzee sijui aliupimaje.

Sasa ngoja niwaeleze kitu, cheni ya pikipiki kama ile haitakiwi ikaze. Ile springi yake ya nyuma inabonyea sana, na ukipakia mzigo au abiria tairi linapanda juu na cheni yenyewe inajivuta, kwa hiyo lazima uiachie nafasi, ukiibonyeza katikati kwa kidole icheze kama sentimita tatu hivi, yangu ilikuwa inacheza tatu na kidogo na niliiacha hivyo makusudi kwa sababu ya mzigo. Ukiikaza ikawa kama waya wa gitaa siku ya safari unakula beringi, unakula meno, unaikata na cheni yenyewe. Hiki kitu naijua. Nimefundishwa na mzee nikiwa mdogo, kwa kibao cha shingo.

Na nikanyamaza.

Yule kijana akatoa kotapini, kile kipini cha kukunja kinachozuia nati ya tairi la nyuma isijifungue yenyewe, akalegeza nati, akavuta tairi nyuma, akakaza cheni mpaka ikawa inalia ukiigusa, afu akachukua oili chafu kwenye kopo akaipaka cheni yote, oili chafu, tuko juu ya mchanga, kesho yake nina mchanga mwingine wa kutosha mpaka nifike lami. Mchanga ukishanasa kwenye oili ule ni msasa, unasaga mpaka nyumbani. Akanipiga begani, "Tayari mzee wangu, hapo hata Cairo unafika." Nikasema asante. Kwa mdomo wangu mimi mwenyewe nikasema asante.

Usiku sasa, hapa inabidi niwe muungwana, usiku ule ulikuwa mtamu. Upepo ulikuwa unang'oa mahema maana pegi kwenye mchanga mkavu hazishiki, watu wa bara wanazigongelea mara tatu na zinatoka mara tatu, mpaka mvuvi mmoja wa palepale akawaonyesha, jaza mchanga kwenye kiroba, funga kamba, fukia kiroba. Kwisha. Pweza wa kuchoma, wali wa nazi, korosho zinabanikwa hapohapo moshi wake unakupa kikohozi lakini huondoki. Kitu kilichonichekesha ni kwamba tumekaa pale Mnazi Bay, ndo ghuba ya hapohapo Msimbati, gesi iligunduliwa chini ya miguu yetu mwaka 1982, bomba limeondoka nayo mpaka Dar, na sisi tunapuliza kuni za mkorosho mbichi machozi yanatutoka. Basi tu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Temeke, huyo ndo mzee kweli, alianza kuja huku Kusini na pikipiki kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Anasimulia pantoni ya Ndundu, unafika Rufiji unakuta foleni ya mabasi na malori, watu wamelala hapo, wengine wameshajenga na urafiki, na ukivuka ndo unaingia kwenye tope la kwenda Somanga, kilomita sitini ambazo anasema mvua ikinyesha zilikuwa zinammaliza siku nzima, pikipiki anaisukuma zaidi ya anavyoipanda. Watoto wa Arusha wamekodoa macho, wao wamepita lile daraja la karibu kilomita nzima kwa dakika moja wakipiga picha. Mtu mmoja akamwambia babu hata sisi tuliikuta Somanga imekatika mvua za 2024, mzee akamjibu, "Ilikukatikia siku ngapi? Mi ilinikatikia miaka." Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Kwa usiku ule peke yake ningetoa nyota nne. Ming'oko na chumvi, chai ya tangawizi, bahari inapiga, hakuna anayekuuliza pikipiki yako cc ngapi. Nne na nusu.

Choo kilikuwa kimoja. Tuendelee.

Jumapili asubuhi nikapunguza upepo kwenye matairi kama inavyotakiwa ukiwa unaingia mchangani, nikatoka taratibu, nikafika lami nikajaza kwa pampu ya mkono, nikaondoka. Najua mtaniuliza mbona hukukagua pikipiki. Ndiyo, sikukagua. Mtu umelipia kukaguliwa na umekaguliwa, unaanza tena kumkagua mkaguzi? Haya, nilitakiwa kukagua. Lakini pia nilikuwa sitaki kuinama pale mbele za watu kama vile simwamini kijana, si unajua.

Nimeshapita Mikindani, sijafika Mnazi Mmoja, kuna mteremko, spidi kama sitini hivi, nikaanza kusikia tairi la nyuma linacheza kiuno. Nikasema pancha. Kabla sijamaliza kusema pancha cheni ikalia kraa, tairi likagoma, pikipiki ikaanza kwenda ubavu ubavu na mi juu yake na hema na sufuria ya mke wangu ambayo niliichukua bila ruhusa. Sijui niliishikaje. Nikaishia kwenye nyasi, pikipiki imelala, mi nimekaa, sufuria inabiringika peke yake barabarani inashuka na mteremko kama ina haraka zake. Basi la Masasi lingekuwa nyuma yangu saa hizi mngekuwa mnanisomea hitma.

Nainuka naangalia. Nati ya tairi la nyuma haipo. Ekseli imetoka nusu, tairi limekaa upande, cheni imechomoka imejikunja kwenye meno. Na tundu la kotapini liko tupu, safi kabisa, halina hata mkwaruzo. Yaani hakikukatika, HAKIKURUDISHWA. Alikitoa, akakiweka sehemu, akanipaka oili chafu, akanipiga begani, akaenda kwa mwingine. Kipini cha shilingi mia mbili. Nimekaa pale kwenye jua nakiwaza hicho kipini, kiko wapi sasa hivi, kwenye mchanga wa Msimbati, kaa anakichezea.

Nikampigia mratibu wa kambi. Namnukuu kadiri ninavyokumbuka na ninakumbuka vizuri sana.

"Pole sana kaka. Lakini si ilikuwa huduma ya bure?"

Nikamwambia ndiyo, kwa hiyo?

"Sasa kaka kitu cha bure unakilalamikiaje? Halafu fomu si ulisaini? Na kwanza pikipiki yenyewe ya zamani vile, inawezekana ilikuwa na matatizo yake."

Kwanza. Pikipiki. Yenyewe. Ya zamani. Hiyo pikipiki imewapeleka watu hospitali ya Nyangao usiku wa manane, imebeba magunia ya korosho, imemleta mtoto wangu nyumbani akiwa na siku mbili, haijawahi kudondosha nati hata moja katika maisha yake mpaka ilipokaguliwa. Na bure gani, elfu sitini ni bure? Ningekata simu lakini alikata yeye. Wala hakuuliza kama nimeumia. Hicho ndo kinachonikera kuliko kipini, kipini mtu anaweza akasahau, hata mi nasahau vitu, lakini unampigia mtu uko barabarani, magoti yanatetemeka, swali lake la kwanza ni la fomu.

Aliyenisaidia ni kijana wa bodaboda, alikuwa na abiria, akamshusha abiria wake kivulini akamwambia mama nisubiri kidogo. "Njomba, umeumia?" Ona sasa, huyo hajasaini fomu na mtu. Tukarudi kwa miguu na njia tuliyotoka nayo tunatafuta nati, abiria naye akaja kutafuta, mama wa watu na kanga yake, ndo yeye aliyeiona. Sufuria pia aliikuta yeye. Kijana akarudisha ekseli, akaweka cheni, akailegeza ikacheza kama inavyotakiwa, hakuniuliza, aliiangalia tu mizigo yangu akajua. Kotapini hatuna. Akavua msumari kwenye kiti chake cha mbao alichojitengenezea cha kubebea mizigo, akaupitisha kwenye tundu, akaukunja kwa koleo huku na huku. Nikampa elfu kumi akarudisha tano, akasema ya msumari na muda inatosha. Nikafika Lindi kabla ya magharibi.

Sasa nimekuwa nikijiuliza hasira hii yote ni ya nani. Kwa sababu nikikaa peke yangu najua, nilimwona anatoa kile kipini. Nilimwona. Na nilijua cheni inakazwa vibaya, nilijua oili chafu kwenye mchanga ni ujinga, nilikuwa na mdomo na nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nikamwacha, kwa sababu watu kumi wasio nijua walicheka. Kwa hiyo labda nyota tatu. Kambi yenyewe ilikuwa nzuri, mahali ni pazuri kuliko popote mtakapolala na hema ukanda huu, watu ni wazuri, yule mzee wa Temeke peke yake unalipa kiingilio. Tatu ni haki.

Afu nakumbuka "kwanza pikipiki yenyewe ya zamani" narudi moja.

Mkienda, vitu viwili tu, bebeni viroba vya kujazia mchanga, na mtu mwenye glavu nyeupe asiguse chombo chako. Mwambie hapana asante, hata wakicheka.

Juzi wametuma ujumbe, kuna kambi nyingine, kiingilio kimepanda elfu sabini, HUDUMA YA FUNDI BURE ipo palepale na herufi zao zilezile. Yule mzee wa Temeke naye kanipigia, kaniambia, "Njoo bwana, na ile Honda yako njoo nayo." Nimeshatuma elfu thelathini ya kushikia nafasi, mke wangu hajui. Msumari nimeuacha hukohuko kwenye ekseli, kotapini mpya nimenunua nne ziko kwenye pochi. Nyota ni ileile moja.