Duka zuri, sheria ndo inachosha (nyota 4)

Duka la wanyama karibu na kwetu hapa Reading, Uingereza. Usafi upo, tangi za samaki maji yake meupe kabisa na dada wa kaunta anajua kazi, alimweleza mwanangu vizuri tu mambo ya pampu na chakula. Sasa ikafika kulipa, dogo ana 15 na hela yake ya kusevu mwenyewe, akaambiwa haiwezekani, rudi na mzazi!! Kisa samaki mmoja wa dhahabu jamani. Simlaumu dada, sheria ya 2006 imekataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 16 mnyama yeyote, zamani ilikuwa 12 tu, na 2010 kule Manchester mama wa duka alipigwa faini pauni 1,000 akavalishwa na bangili ya kumfuatilia mguuni kwa samaki kama huyo aliyemuuzia dogo wa 14, pamoja na kosa la kumtesa ndege mmoja dukani. Kwetu Tanga mtoto wa miaka 10 anatumwa sokoni anarudi na kuku hai. Mbwa sawa, wazuie, ila samaki? Tangi lenyewe walimuuzia bila shida, nikaenda nae jioni. Bei ya kawaida, paking shida.