Merlin kwa ndege aliyeumia: picha zipi zinaipa jibu sahihi

Merlin ni programu ya simu ya bure kutoka maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ukiokota ndege mdogo aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha, anza nayo. Ila jibu lake likague kwa macho yako.

Picha tatu zinatosha: ubavu mzima, kichwa na mdomo kwa karibu, kisha miguu na mkia. Mpige akiwa ndani ya boksi lenye matundu lililotandikwa kitambaa, bila flashi, kwa dakika moja hivi, halafu funika. Bawa lililolegea usilikunjue ili lionekane vizuri. Kama mfupa umevunjika utamzidishia jeraha.

Kwenye Merlin, kuza picha mpaka ndege ajae kwenye fremu, kisha jaza tarehe na mahali alipookotwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na mahali, na mtu aliyetumiwa akiwa mji mwingine hujaza mahali alipo yeye. Orodha ya majibu huchujwa kwa vitu hivyo viwili, kwa hiyo jina la kweli linaweza kushushwa chini kabisa. Omba picha itumwe kama dokumenti.

Kwa dume la chozi au la mnana katika rangi za kuzaliana, programu hii ni hodari kweli. Inayumba kwa majike ya mnana, yanayofanana sana, na kwa makinda. Ndege mgonjwa naye hututumua manyoya, umbo likapotea, na kiganja kinachomshika huficha miguu. Jaribu picha zote tatu moja moja. Zikileta majina tofauti ya jamii moja, shika jamii hiyo, usilazimishe spishi.

Kosa la kuogopwa zaidi ni kumdhania teleka (kwa Kiingereza swift) kuwa mbayuwayu. Tazama mguu: mbayuwayu ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, hivyo hushika kijiti. Teleka ana miguu mifupi sana yenye kucha za kung'ang'ania ukutani, na hawezi kutua kijitini. Hata hayumo katika kundi la ndege waimbaji. Wote wawili hula wadudu, lakini teleka aliyewekewa kijiti na sahani ya chakula atashinda njaa.

Jina likiwa bado na shaka, usimlishe kwa kubahatisha. Chiriku hula mbegu, chozi hunywa nekta, yaani maji matamu ya maua, na mkate uliolowekwa maziwa haumfai yeyote kati yao. Usimdondoshee maji mdomoni, yataingia kwenye njia ya hewa.

iNaturalist, programu nyingine ya kutambua viumbe kwa picha, inaizidi Merlin kwa jambo moja: picha zote hukaa kwenye rekodi moja na watu wanaojua ndege hurekebisha jina. Jibu linaweza kuchelewa, kwa hiyo mpigie kwanza daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori na uwatumie picha zote tatu pamoja na jina ulilopewa.