Baa za maziwa za Warsaw: kula vya unga na maziwa, nyama achana nayo

Haya, kwa wale mnaokuja Poland kusoma au mnaopita tu na hela ya mawazo, jibu langu la "nile wapi" halijabadilika, tafuta bar mleczny, yaani baa ya maziwa. Jina lisikutishe, bia hakuna humo, ni mgahawa wa chakula cha kawaida kabisa wa kujihudumia na umekuwepo tangu zamani. Wa kwanza ulifunguliwa hapahapa Warsaw mwaka 1896 mtaa wa Nowy Świat, na bwana mmoja mfugaji anaitwa Stanisław Dłużewski, akawa anauza vitu vya maziwa, mayai na unga. Wakomunisti walipokuja wakazieneza nchi nzima, walipoondoka 1989 nyingi zikafa, zilizobaki ndo hizi nazowaambia.

Utaratibu: unaingia, ukutani kuna menyu ya herufi za plastiki, yote Kipolandi, unapanga foleni kwenye kasa (pale pa kulipia), unalipa KWANZA, unapewa risiti, unaipeleka kwenye kidirisha cha jikoni unasubiri. Pale dirishani unamuona mama wa jikoni mwenyewe na kofia yake nyeupe, mvuke umemjaa usoni, anageuka na sahani anaigonga kwenye kaunta anapiga kelele "ruskie!" au "pomidorowa!" na kama hujui umeagiza nini itapoa hapo hapo. Tabasamu hakuna, kubembelezwa hakuna, ni mama ntilie wa saa saba mchana mwenye watu thelathini kwenye foleni. Mi binafsi naipenda hiyo, kuna watu inawakwaza.

Neno la kukariri kabla hujatoka nyumbani ni kuchnia, hiyo ch isome kama kh ya kheri. Ukiona mlangoni pameandikwa kuchnia domowa hayo ni mapishi ya nyumbani, ingia. Kwenye tangazo la chumba cha kupanga, kuchnia ni chumba cha kupikia na kuchnia gazowa ni jiko la gesi, yaani kama sisi na jiko letu tu. Na ukivuka mpaka bado linakubeba: Wacheki kuchyně, Waslovakia kuchyňa, Warusi na Wabulgaria kukhnya, Waserbia, Wakroatia na Waslovenia kuhinja, Wamasedonia ndo wamelikata likawa kujna (j isome y). Kwa wote chimbuko ni Kijerumani, wengine kupitia kwa jirani, na Wajerumani nao walilitoa kwenye Kilatini, kwa hiyo ukikuta Küche huko Berlin ni ukoo uleule.

Sasa msosi. Agiza pierogi ruskie. Ni unga uliosukumwa mwembamba, umekunjwa nusu mwezi ukachemshwa, ndani viazi vya kuponda na twaróg ambayo ni jibini changa nyeupe yenye uchachu kwa mbali, juu wanamwaga kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia na mafuta yake, kila kimoja kinateleza kwenye uma, ukikikata ule mvuke unatoka na harufu ya pilipili manga. Hiyo ruskie sio Urusi jamani, ni Rus Nyekundu, eneo la zamani ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ukraine, ndo maana baada ya Urusi kuivamia Ukraine 2022 kuna sehemu zimebadilisha menyu zikaandika pierogi za Kiukraine. Supu ya nyanya (pomidorowa) nayo usiiache, inakuja na tambi au wali ndani, na bei yake ni ndogo. Leniwe ni madonge ya unga na jibini yaliyochemshwa, tamu tamu, zinakuja na siagi na sukari, ukila sahani nzima hutaki chakula mpaka usiku.

Nyama mi sishauri. Sababu ni ya kihesabu kabisa, serikali inatoa ruzuku kwa baa hizi lakini ni kwa vyakula visivyo na nyama, kwa hiyo ukila cha unga, maziwa au mboga hazina ya Poland inakuchangia, ukila kotlet (kipande cha nyama ya kukaanga) unajichangia mwenyewe. Na hiyo ruzuku ina vituko vyake, mwaka 2015 kanuni za wizara ya fedha zilikuja na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa na viungo vingi havikuwemo, watu wakapiga kelele kuwa wanataka kula chakula chenye ladha. Warsaw hawachezi na baa zao, ile ya Prasowy pale Marszałkowska ilipofungwa 2011 wanaharakati waliingia wakapika na kugawa chakula humo humo mpaka polisi wakaja, baadae ikafunguliwa tena.

Waislamu wenzangu, angalieni skwarki, vile vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe vinavyomwagwa juu ya pierogi, sema "bez skwarek" pale kwenye kasa kabla hujalipa. Żurek, ile supu chachu ya unga wa shayiri nyeusi (rye), pia mara nyingi ina soseji. Naleśniki za jibini, yaani chapati za maji, ndo salama zaidi.

Malalamiko yapo. Kuna moja karibu na chuo, siitaji, kompoti yao (kinywaji cha matunda ya kuchemsha) ni maji yaliyoonyeshwa tunda kwa mbali, na kasza (nafaka ya kuchemsha) ilikuja ya baridi nikaambiwa ndo iliyopo. Halafu ukichelewa, jioni nusu ya menyu imeisha, unaambiwa nie ma, nie ma, nie ma (hakuna), unaishia kula mkate. Nenda mchana mapema.

Nawapa nyota nne, ya tano wakileta pilipili mezani. Na ukimaliza kula rudisha vyombo kwenye dirisha la vyombo vichafu, ukiacha mezani utasemwa na hutaelewa unasemwa nini.