Boksi la chai za mitishamba ladha 6: nimekunywa karibu lote, nimebakiza vifuko tisa

Mimi mtu wa chai haswa, ya rangi, vikombe vinne vitano kwa siku na cha mwisho saa tatu usiku, afu nikishapanda kitandani nahesabu mbao za dari mpaka saa nane najiuliza nina stresi gani. Kumbe stresi iko kwenye kikombe. Kafeini ikishaingia mwilini, baada ya masaa kama matano hivi nusu yake bado inazunguka. Ndo nikanunua hili boksi, vifuko 60, kila ladha kumi.

Kwanza tuelewane, hizi kiukweli sio chai. Chai ni majani ya mmea mmoja tu, Camellia sinensis, iwe nyeusi iwe ya kijani, hizi nyingine ni maua, mizizi na majani ya mimea mingine tunaziita chai kwa kuzoea. Ndo maana nyingi hazina kafeini kabisa.

Mnanaa wamepatia. Unachana kifuko tu pua inazibuka, na tumbo likijaa gesi unasikia linatulia. Ila wenye kiungulia kaeni nayo mbali, mnanaa unalegeza ule msuli unaofunga tumbo kwa juu, asidi inapanda, hilo nimelijua usiku nimelala chali kifua kinawaka moto. Tangawizi na mchaichai nayo safi, mimi kichefuchefu cha kwenye gari ndo ugonjwa wangu na tangawizi inanituliza, tatizo wamebana sana, kikombe kikubwa kinataka vifuko viwili.

Rosela ina rangi tamu ya kupiga picha ila uchachu wake bila sukari utakunja uso. Kuna tafiti zimeonyesha inashusha presha kidogo, nasema KIDOGO, asije mtu akatupa vidonge vyake akasema mimi ndo nimemwambia, na kama unatumia hivyo vidonge muulize daktari kwanza.

Sasa rooibos jamani. Inatoka kule milima ya Cederberg Afrika Kusini, nyekundu, nzito, inakubali maziwa, yaani mzoefu wa chai ya rangi ukimpa hatalalamika sana. Hii ndo imenirudishia usingizi, sio kwamba inalaza mtu, ni kwamba imekalia nafasi ya kile kikombe cha saa tatu. Kamomaili wanayoisifia kwa usingizi mimi niliiona kama maji yaliyopita karibu na majani makavu, labda wewe utaipenda (ukiwa na aleji ya maua jamii ya daisi au unakunywa warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, achana nayo).

Ya sita ndo kesi. Imeandikwa ya kusafisha na kupunguza mwili, nikanywa asubuhi kabla ya kikao. Sitaeleza kikao kilivyoenda. Nilivyorudi nikageuza boksi, maandishi madogo kabisa pale chini: sanamaki. Hiyo ni dawa ya kuharisha! Mzani utashuka ndio, ila umepoteza maji tu, mafuta yako yapo palepale, na ukiigeuza ya kila siku unapoteza na chumvi za mwili. Kwanini lebo ya mbele wasiandike hivyo?

Kwenye kutengeneza, maji yachemke kweli kweli, funika kikombe na kisahani dakika saba mpaka kumi, usipofunika ile harufu yote inaondoka na mvuke. Afu subiri ipoe kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, kwa hiyo ule ushujaa wa kunywa inatokota tuuache.

Nyota tatu na nusu. Rooibos na mnanaa nitanunua tena ila za peke yake. Vile vifuko tisa vya sanamaki vina harufu nzuri sana, nimeviweka kwenye kabati la viatu.